Mzigo Uinamishao Mgongo

Ndugu zetu Waislamu, wanaume kwa wanawake, mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi habari za mgongo. Huenda mtu akauliza, mgongo una nini hata uandikiwe katika gazeti la dini? Jawabu letu ni kwamba mwili ni amana. Abdullah bin Amr alikuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, na Mtume (s.a.w.) akamfundisha ya kwamba mwili wake una haki juu yake, na macho yake yana haki, na mkewe ana haki. Na katika viungo vyote, hapana kinachodhulumiwa kwetu huku mlimani kama mgongo.

Atakaye kuyaona haya kwa macho yake na aje hapa Kwa Sadala siku ya soko. Atawaona akina mama wakiteremka kutoka Machame na mikungu ya ndizi vichwani, nao wengine wakipanda kutoka tambarare na mizigo ya majani ya ng'ombe. Kwani katika vihamba vyetu ng'ombe hufungwa zizini, haendi machungani. Basi chakula chake hapana budi kiletwe, na mara nyingi mletaji ni mwanamke. Akiisha kuyatua majani, maji yamngoja, kuni zamngoja, na mtoto alia abebwe.

Hata vijana wetu wa kiume wabeba mizigo. Wengi wao huajiriwa upagazi katika lango la Machame, wakawachukulia wageni vitu vyao kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari. Lakini tazameni tofauti iliyopo. Mzigo wa mpagazi hupimwa kwa mizani langoni, na kanuni yasema usizidi kilo 20. Mama yake aliye nyumbani hana lango wala mizani. Hubeba kadiri ya haja ya nyumba, na haja ya nyumba haina kikomo.

Tena huo ni mzigo mmoja tu, ule uonekanao. Uko na wa pili usioonekana, nao ni dhiki ya moyo: ada za watoto, bei za vitu, ugonjwa wa wazee, maneno ya jirani, na zaidi ya yote, deni. Dini yetu imekwisha kutueleza ya kwamba mizigo hii miwili ni jamaa moja. Katika Sura ya Ash-Sharh, Mwenyezi Mungu amkumbusha Mtume wake jinsi alivyomwondolea mzigo uliokuwa ukiulemea mgongo wake. Mzigo ule haukuwa wa majani wala wa kuni, bali ulikuwa uzito wa moyo. Hata hivyo ulitajwa kwa mgongo. Na katika dua moja aliyokuwa akiiomba sana, iliyopokewa na Bukhari, Mtume (s.a.w.) alijikinga kwa Mungu na hamu na huzuni, na unyonge na uvivu, na woga na ubahili, na uzito wa deni, na kutezwa nguvu na watu. Neno la Kiarabu lililotumika kwa uzito wa deni ni dhalaa, na wanavyuoni wameeleza ya kwamba asili ya neno hilo ni kupinda. Maana yake, deni humpinda mtu. Sisi tumeyasomesha maneno haya miaka mingi, na kila mwaka twaiona maana yake ikitembea barabarani.

Mama mmoja, ambaye watoto wake wawili husoma chuoni kwetu, alikuja akatusalimu, akasema, "Maalim, nakuomba uniandikie kombe. Kiuno kimenishika mwezi wa tatu sasa, silali." Tulimwombea dua, kwani dua ni haki ya kila mgonjwa. Kisha tukamwuliza alianza lini kuumwa, na siku zile alikuwa na kazi gani. Hapo ndipo habari ilipofunguka. Alikuwa amekopa fedha za biashara ya ndizi kwa wale wakopeshaji ambao watu wamewapa jina la "kausha damu", na deni lilitakiwa kila wiki pamoja na riba yake. Mumewe hakujua. Ili apate cha kulipa, alikuwa akipanda na mizigo miwili ya majani kwa siku, mmoja wa ng'ombe wake na mmoja wa kuuza. Usiku hulala macho wazi akihesabu siku. Amekwisha kwenda kwa mkandaji mmoja, akaambiwa uti wa mgongo umehama mahali pake, na ya kuwa hana budi kupindwa mara saba, kila mara kwa malipo. Naye kwa ajili ya malipo hayo akaongeza deni.

Basi, ndugu wasomaji, hapa yatupasa tuseme kidogo juu ya kazi hii ya kunyoosha migongo, maana nyumba nyingi zaikimbilia. Si kazi mpya wala si ya kudharauliwa. Ibn Sina, tabibu wetu mkuu aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu chake juu ya kurudisha viungo vilivyoteguka. Na wakandaji na waungaji mifupa wako katika makabila mengi ya Afrika Mashariki. Huko Marekani, katika mji wa Davenport, mtu aitwaye Daniel David Palmer alianzisha mwaka 1895 namna yake ya kuusukuma uti wa mgongo kwa mikono, ambayo leo huitwa kairopraktiki. Alidai ya kwamba mtu wa kwanza aliyemtibu, Harvey Lillard, alikuwa kiziwi akasikia, na ya kwamba karibu maradhi yote hutokana na pingili za mgongo kuhama. Madai hayo madaktari hawakuyakubali, na elimu haikuyathibitisha. Lakini lililo kweli lisitupwe pamoja na lisilo kweli: mikono ya mjuzi yaweza kupunguza maumivu ya kiuno.

Mwezi wa Desemba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya kiuno yasiyokwisha. Limesema ya kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na ya kwamba walio wengi sana katika hao hawana mfupa uliovunjika wala ugonjwa uwezao kuonekana. Yaliyopendekezwa ni haya: mgonjwa aelezwe vizuri hali yake, afanye mazoezi, aweza kukandwa au kunyooshwa mgongo na mjuzi, na asaidiwe katika fikira na dhiki zake. Yasiyopendekezwa ni mikanda ya kufunga kiuno, kuvutwa mgongo kwa uzito, na dawa kali za jamii ya afyuni. Tazameni: matabibu wa dunia nzima waliokutana juu ya kiuno wameutaja na moyo. Mtu mwenye hofu hukaza misuli yake bila kujua, hulala kidogo, na maumivu ambayo yangepita kwa wiki chache hukaa miezi.

Lakini iko hatari, nayo hatuna haki kuinyamazia. Maumivu ya mgongo yakifuatana na homa, au kukonda, au jasho la usiku, yaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia katika pingili, na pingili iliyoliwa na maradhi hayo ikipindwa yaweza kumfanya mtu apooze. Hali kadhalika mtu aliyeanguka, au mwenye saratani, au ambaye miguu yake imekufa ganzi au imelegea, au ambaye haja ndogo yamtoka bila kujijua au imezuilika: huyu asipelekwe kwa mkandaji, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tena shingo isivutwe ghafula na mtu asiye na elimu, kwani ipo mishipa ya damu iendayo ubongoni, na ikichanika huleta kiharusi. Si jambo la kila siku, lakini likitokea halina marejeo. Mtume (s.a.w.) amehukumu ya kwamba ajifanyaye tabibu naye hajulikani kwa utabibu, hudhamini madhara atakayoyaleta. Basi mwenye mikono atibuye watu, na ajue yuko chini ya dhamana hiyo mbele ya watu na mbele ya Mungu.

Yule mama tulimshauri aende hospitali ya wilaya pale Boma Ng'ombe, na kutoka huko alipelekwa KCMC mjini Moshi. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1971, na wako wataalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi, nao husomeshwa hapo hapo. Hawakuona mfupa uliohama. Alifundishwa mazoezi machache ya kufanya nyumbani, akaambiwa asilale kitandani mchana kutwa bali atembee, na mzigo augawe. Lakini dawa ya pili haikuwa hospitali. Dawa ya pili ilikuwa kumwambia mumewe.

Alitetemeka, akatuomba tuwepo. Tulikwenda baada ya sala ya alasiri pamoja na mzee mmoja wa msikiti. Mume alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema maneno ambayo twadhani yafaa wanaume wote wayasikie: "Mimi nilikuwa nikiuona mzigo wa kichwani, wala sikuupokea. Huu mwingine ningeuonaje?" Aliuza ndama dume, akalipa sehemu. Sehemu nyingine ililipwa kwa fungu la zaka, kwani katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60, walioelemewa na madeni wamo katika mafungu manane yapasayo kupewa. Wangapi katika misikiti yetu wajua ya kwamba mwenye deni ana haki yake humo? Twaona haya kuomba zaka, lakini hatuoni haya kukopa kwa riba!

Hatusemi ya kwamba mgongo wake umekuwa kama wa msichana. Siku za mvua bado wamsumbua. Lakini sasa hulala, na majani huletwa na mwanawe mkubwa kwa baiskeli.

Kutokana na hayo twawausia jamaa zetu mambo machache. Mzigo mmoja mzito ufanywe miwili myepesi, na uinuliwe kwa kukunja magoti, wala si kwa kuinama kiuno. Mwenye maumivu asijilazimishe katika sala: Imran bin Husayn alipokuwa mgonjwa, Mtume (s.a.w.) alimwambia asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Hii ni ruhusa ya Mungu, wala si upungufu wa imani. Sisi walimu nasi tuwainue watoto kutoka mkekani kila baada ya muda, wasikae wameinamia marufaa asubuhi nzima. Na kila usiku, kabla ya kulala, mume na mke waulizane, "Leo umebeba nini?" na mwenye kuulizwa aseme kweli, hata ikiwa ni deni.

Mtume (s.a.w.) alimwamuru Abu Dharr juu ya watumwa wa zamani zile, ya kwamba wasikalifishwe wasiloliweza, na wakikalifishwa basi wasaidiwe. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya mtumwa, haki ya mke na mama ni ipi? Nyumba ya Kiislamu na iwe yenyewe ndiyo mizani, ijue uzito wa kila aliyemo ndani yake.

Mwenyezi Mungu atuondolee mizigo iinamishayo migongo yetu, iliyo dhahiri na iliyofichika, awaponye wagonjwa wetu, na awalipie wenye madeni madeni yao. Amin.