Kizuri Gizani Hakijiuzi

Kabuta, katika wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, imekaa ufukoni mwa Ziwa Mweru, ambalo ng'ambo yake ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jioni jua hutua upande huo wa Kongo, maji yakang'aa kwa kitambo, kisha giza likashuka mara moja. Hapo ndipo mabango ya kando ya njia, ya duka na ya zahanati, hunyamaza.

Ziwani, kinyume chake, kazi ndiyo kwanza huanza. Wavuvi huwasha taa mitumbwini ili kuwavuta chisense, samaki wadogo wafananao na dagaa. Kwa hiyo watu wa Mweru hawana haja ya kufundishwa kwamba taa huita.

Swali ni mafuta ya taa hiyo. Umeme mwingi wa Zambia hutokana na nguvu za maji. Ukame wa mwaka 2024, uliotangazwa kuwa janga la taifa tarehe 29 Februari, ulipunguza maji ya bwawa la Kariba hata mgawo wa umeme ukawa mkali. Bango linalotegemea waya huzimika pamoja na mji; linalotegemea jua hujilisha lenyewe.

Mtambo wake si mgumu. Paneli hupokea jua, kidhibiti huongoza umeme kwenye betri, na paneli inapokosa mwanga magharibi, kidhibiti huiwasha taa. Taa ya wati 10 ikiwaka tangu saa 12 jioni hadi saa 6 usiku hutumia wati-saa 60. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 huweka akiba ya wati-saa 240, yaani inaweza kuvuka siku tatu za mawingu ya masika. Paneli ya wati 30 yatosha kuijaza. Kwa kuwa Kabuta iko kusini mwa ikweta, paneli huelekezwa kaskazini na kuinamishwa kidogo ili mvua ioshe vumbi. Taa nayo hufungwa juu ya bango, ikimulika chini, ili mwanga usipotelee angani.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kizuri kilicho gizani hakionekani, sembuse kujiuza. Mwenye duka ana haki ya kumulika jina lake. Hata hivyo, kijiji chenye taa moja tu hakina budi kuchagua. Mama mwenye uchungu aletwaye usiku kwa mtumbwi hatafuti sabuni, hutafuta mlango wa zahanati. Bango hilo na liwake kwanza, kisha la gati, ndipo la biashara lifuate. Na wote wanaolisoma walilinde, maana paneli isiyo na jirani mwangalifu huwa mali ya mwizi.