Sehemu Moja Kati ya Tano

Nyumba aliyotuachia bibi iko Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar: ghorofa mbili za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Vyumba ni vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti, na mkandaa haurefuki kwa matakwa ya mwenye nyumba. Tangu bibi afariki mwaka jana, tukikutana swali ni lile lile. Tuitengeneze, tuijenge upya, au tuiuze?

Kujenga upya ni ndoto ya mjomba mdogo. Anayo kwenye simu yake, na zege na madirisha ya alumini. Lakini Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na humo huvunji nyumba kwa kuwa tu umechoka nayo. Ndoto hiyo ibaki kwenye simu.

Kutengeneza ndiko kunakoumiza kichwa. Zamani ukuta mmoja ulipigwa plasta ya saruji, na kila mtu akafurahi jinsi ulivyonyooka. Ukuta wa chokaa hunywa maji ya mvua, kisha jua likiwaka huyatoa. Saruji iliuziba. Unyevu ukabaki ndani, chumvi ikatoka kama unga, na vichwa vya boriti vilivyofukiwa ukutani vikaoza mahali ambapo jicho halifiki. Fundi alichomeka bisibisi kwenye boriti moja, ikazama hadi mpini. Akashuka ngazi bila kutaja bei. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka ikiwa katika ukarabati, watu wawili wakafa. Tangu hapo, mbele ya mama hatutaji neno "ufa" ovyo.

Mnunuzi yupo, anataka kufanya nyumba ya wageni. Wajomba wana sehemu mbili mbili, mama ana moja. Ndiyo hesabu ya mirathi na hakuna anayeipinga. Ila mama ndiye pekee anayelala humo, na fungu lake, kwa bei iliyotajwa, halimpatii nyumba hata nje ya mji. Wajomba wanazungumzia mali. Mama anazungumzia pa kulala. Tunakaa mkeka mmoja, lakini hatuzungumzi jambo moja.

Kwa kuwa nasoma shahada ya uzamili, nimefanywa mshauri. (Nasoma isimu. Hakuna aliyeuliza.) Nilisema dari ishikiliwe kwa nguzo kabla ya masika na saruji ibanduliwe. Na kama tutauza, basi pa kukaa mama papatikane kabla ya saini, si baada.

"Kwa pesa ya nani, mwanangu?" akauliza mjomba mkubwa.

"Kwa hesabu ile ile ya mirathi, mjomba. Mbili, mbili, moja."

Alicheka, kisha akanyamaza muda mrefu. Jumamosi iliyofuata fundi alisimamisha nguzo nne. Mama amehamishia kitanda chake chumba cha pili. Saini bado.