Mweupe Ubaki Katikati

Mwanjelwa ya kabla soko halijaungua mwaka 2006, mtu aliyejua kuvunja kwa nguvu alikuwa na heshima yake hata akifungwa. Ilitosha mipira ilipuke, mmoja uruke nje ugonge kreti la soda, na waliokuwa wanakula chipsi wageuke kutazama. Vijana wa gereji, wapiga debe, mautingo wa malori ya Tunduma waliolala Mbeya kusubiri mzigo, wote walivunja pool namna moja, nami nikaiga kwao. Fimbo inavutwa nyuma mpaka bega linauma, mwili unasimama wima katikati ya pigo, mguu mmoja unanyanyuka. Mlio ulisikika hadi barabarani. Mpira mweupe nao ulikwenda ulikotaka: mara shimoni, mara ukutani, mara chini ya jiko la muuza mishikaki.

Utaratibu wa meza ulikuwa ule unaojulikana. Unaweka sarafu yako ya mia mbili ukingoni, ile yenye Karume upande mmoja na simba upande wa pili, unasubiri zamu. Anayefungwa anatoka, mshindi anabaki. Anayeingia ndiye anayelipia gemu na kupanga mipira, na mshindi ndiye anayevunja. Kwa hesabu hiyo mwenye pigo zuri la kuanzia angeweza kucheza jioni nzima kwa sarafu moja. Ajabu ni kwamba hakuna aliyekuwa akijifunza pigo hilo. Kutumbukiza tulijifunza, kukata mpira kwa pembeni tulijifunza, kumfichia mpinzani mweupe nyuma ya mipira yetu tulijifunza. Kuvunja, hapana.

Sababu yake ni fedha. Meza ya sarafu inameza: mpira wa rangi ukiingia shimoni hautoki mpaka gemu nyingine ilipiwe. Ndani ya gemu moja unapata nafasi nyingi za kulenga shimo, lakini kuvunja ni mara moja tu, tena kama zamu ni yako. Anayetaka kurudia pigo hilo mpaka mkono ulizoee atamaliza posho yake kabla giza halijaingia, na foleni ya sarafu ukingoni haina subira naye. Ndiyo maana hadi leo unaweza kukuta mtu anayemaliza mipira yake saba kwa zamu moja, lakini anavunja vilevile alivyovunja siku aliyoshika fimbo kwa mara ya kwanza.

Mambo yalibadilika nilipohamia Iringa kikazi. Jioni nilikuwa nashuka Ipogolo, pale barabara kuu ya Zambia inapopita chini ya kilima cha mji. Malori yalikuwa yale yale niliyoyazoea Mbeya, ila meza zilikuwa kimya zaidi. Hapo nilikutana na fundi wa meza, mzee wa Kihehe aliyezunguka Mafinga na Makambako hadi Mbeya na begi la vifaa vyake: gundi, stepla, vipande vya raba ya kingo, na rundo la funguo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Wewe umetoka Mbeya." Nikamuuliza amejuaje. "Nimekusikia ukivunja, mwanangu. Nilikuwa nje."

Zile funguo ndizo zilizonipa shule. Asubuhi, kabla wateja hawajaja, alifungua meza aliyokuwa akiitengeneza, akaacha mlango wa mashine wazi, na mipira ikawa inatoka bure. Niliruhusiwa kuvunja nitakavyo huku yeye akinyoosha kitambaa cha meza ya pili. Hakuniambia nipunguze nguvu, ushauri ambao wengi huutoa na ambao peke yake hausaidii kitu. Alichosema ni kwamba nguvu zangu nyingi zilikuwa hazifiki. Mweupe ukigonga mpira wa mbele kwa ubavu, hata kwa unene wa ukucha, sehemu ya nguvu inabaki ndani ya mweupe wenyewe, na ndiyo inayoupeleka shimoni. Ukiugonga uso kwa uso, karibu nguvu yote inahamia kwenye rundo. "Usitazame mipira inavyotawanyika," alisisitiza. "Tazama mweupe." Kwake yeye, mweupe ukisimama katikati ya meza umevunja vizuri hata kama hakuna kilichoingia.

Tulianza na pigo la kusukuma tu, mpaka mweupe ukakubali kusimama. Nguvu iliongezwa kidogo kidogo, na kila mweupe ulipoanza kukimbia tulirudi hatua moja nyuma. Mkono wa nyuma ukaacha kuikaba fimbo. Fimbo ikalala, karibu sambamba na meza. Kifua kikabaki chini mpaka mipira itulie, jambo gumu kuliko yote, kwa sababu mtu anapopiga kwa nguvu anataka kuona.

Somo lililonishangaza zaidi lilihusu mweupe wenyewe. Mashine lazima iutambue ili iurudishe, nazo meza nyingi za sarafu huutambua kwa ukubwa au kwa uzito. Kwenye meza nyingine ni mdogo kidogo kuliko ya rangi. Kwenye nyingine ni mkubwa au mzito kuliko hiyo. Mdogo ukigonga rundo uso kwa uso unarudi nyuma wenyewe, na ukiupigia chini unaweza kurudi hadi shimo lililo karibu nawe. Mzito unaendelea mbele na kujichimbia kwenye rundo. Huo ndio wa kupigia chini ya katikati. Fundi aliupima kwa kuuweka kando ya mpira wa rangi na kulaza fimbo juu ya yote miwili. Mbeya tulikuwa na meza moja tukisema ina mkosi, kila anayevunja mweupe unazama. Haikuwa na mkosi wowote. Mweupe wake ulikuwa mdogo.

Nichepuke kidogo hapa. Mipira ya leo ni ya plastiki ngumu, lakini karne ya 19 mipira ya biliadi ilikuwa ya pembe za ndovu, na pembe zilizobebwa mabegani kutoka bara hadi pwani na kuuzwa Zanzibar zilikwenda Ulaya na Marekani kwa kazi hiyo, pamoja na funguo za piano. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1860 ndipo Mmarekani John Wesley Hyatt, akitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya pembe, alipoleta seluloidi. Tembo wa Ruaha wangekuwa na sababu ya kumshukuru.

Niliporudi Mbeya, mwezi Julai, pigo langu la Iringa likagoma. Uyole usiku wa Julai haina utani. Raba ya kingo ikipoa inakuwa ngumu, mipira inarudi kwa uvivu, na kitambaa kikivuta unyevu kinaikwamisha. Meza kubwa za snuka za mashindano huwekewa vipasha joto chini ya jiwe kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tulikuwa na jiko la mkaa lililosogezwa karibu na meza, tena mwenye baa akilalamika kuhusu mkaa. Huko ndiko nilikojifunza kwamba mpangaji ana kazi kubwa kama mvunjaji. Pembetatu haitoshi, mipira lazima ishindiliwe kwa vidole mpaka igusane yote, maana kila uwazi kati ya mmoja na mwingine unakula nguvu, na kwenye meza ya baridi nguvu ya kugawa bure hakuna. Tangu hapo siruhusu mtu anipangie haraka haraka. Mpinzani anayelipia gemu hana sababu ya kukupangia vizuri.

Miaka hiyo hiyo Safari Lager ya TBL ilikuwa ikidhamini mashindano ya taifa ya pool chini ya chama cha mchezo huo, TAPA, na mikoa ikawa inatoa mabingwa wake. Pool ikapata refa, sare na ratiba. Na kuvunja kukapata sheria. Kwa kanuni za blackball, zinazotumika kwenye mashindano ya Afrika, pigo la kuvunja halihesabiki kuwa halali mpaka mpira uingie, au angalau mipira miwili ivuke mstari wa katikati. Nyeusi ikiingia kwenye kuvunja, mipira inapangwa upya bila adhabu. Baa moja kwetu nyeusi hiyo ilikuwa ushindi, baa ya jirani ilikuwa kifungo, na ugomvi wake niliuona ukifika kwa mjumbe wa nyumba kumi. Waliokuwa wakivunja kwa kelele walipata shida kwa refa: mweupe ukizama ni faulo, hata kama mipira mitatu imeingia na ukumbi mzima umeshangilia.

Mwaka 2016 Rais Magufuli alikemea vijana wanaoshinda kwenye pool saa za kazi, na asubuhi za kujifunzia zikaisha. Sikatai hoja yake; niliwajua waliokuwa wakiamkia mezani kabla ya kunawa uso. Ila saa ile iliyoondoka ndiyo pekee iliyokuwa haina foleni ya sarafu.

Fundi amestaafu, yuko kwao Kalenga na mashamba yake. Vijana wa sasa wanatazama mabingwa wa dunia kwenye simu, wanajua majina ya mapigo yote, na bado wanavunja wakiwa wamesimama mguu mmoja, kwa sababu meza bado inameza. Kwa hiyo wewe mwenye meza, popote ulipo kati ya Mbalizi na Ipogolo: funguo unazo. Jumamosi, kazi zikiisha na kabla wateja hawajajaa, fungua mashine kwa saa moja, waache wavunje bure. Utapoteza sarafu chache, nazo zitarudi jioni hiyo hiyo.