Sehemu ya 6: "Mama, umeniachia?"

Najua niliahidi kuendelea na ile mada ya watoto wasiotaka kulala, ila leo naomba tuiweke pembeni, nina la moyoni.

Dada yangu alipokuja likizo kutoka Uingereza alituletea gemu la kadi linaitwa Disney Villainous, lilitoka 2018. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua, stelingi hafi, adui lazima apigwe. Humu ni kinyume, kila mchezaji ndiye adui. Boksi lina maadui sita, na kila mmoja ana njia yake ya kushinda. Captain Hook lazima amshinde Peter Pan pale melini kwake. Prince John, yule simba mwenye tamaa kwenye katuni ya Robin Hood, anatakiwa aanze zamu yake akiwa na pointi 20 za nguvu. Basi!

Nikasema huyu kapendelewa, nikampa binti yangu wa miaka 8. (Boksi linasema kuanzia miaka 10, nawajua mtaniuliza. Kusoma kadi namsaidia.)

Kumbe watunzi walishaliona. Pointi zake zipo mezani, wote mnaona zinavyopanda. Halafu kila adui ana mafungu mawili: kadi zake 30, na kadi 15 za mikosi ambazo wenzake ndio wanamwekea. Unafunua mbili, moja unaicheza, nyingine unaitupa. Stelingi akitua kwenye eneo lako anakufunika nafasi za juu, unabaki kuhangaika na za chini mpaka umtoe. Hook ndiye kanichekesha: Peter Pan mwenyewe yumo kwenye mikosi yake, kwa hiyo ukimbana sana unaweza kumletea mtu anayemtafuta. Yaani hawakuhangaika kuwapa maadui nguvu sawa. Mizani tunayo sisi tuliokaa mezani, anayekaribia kushinda tumbane.

Sasa Jumamosi moja nimetoka naiti, macho mazito. Binti ana pointi 17. Wiki iliyopita alifungwa mara tatu akalala bila kula. Zamu yangu nikafunua kadi zake mbili: moja ya kumwondolea hadi pointi 4, nyingine stelingi wa kawaida tu. Nikamwekea huyo stelingi. Ile ya wizi nikaitupa kimya kimya.

Akashinda. Kaka yake akanuna, baba yao akapiga makofi.

Wakati wa kukusanya kadi akaiona ipo juu ya zilizotupwa.

"Mama, hii uliichomoa wewe?"

"Ndiyo mwanangu."

"Mbona hukuniwekea?"

Nikaanza kujiumauma. Akaniangalia. "Umeniachia." Hakupiga kelele, alilia taratibu, na bora angepiga kelele jamani. Mimi huyu wodini siku zote nawaambia kina mama, usimwambie mtoto sindano haiumi. Ukimdanganya mara moja, hata ukienda kumpima joto tu anakukimbia. Halafu nyumbani kwangu mwenyewe nafanya nini?

Siku nne hakuligusa lile boksi. Siku ya tano nikiwa ofu akalileta mwenyewe mezani, akachukua Prince John yuleyule. "Leo usinihurumie."

Alipofika 19 nikafunua, ile kadi hii hapa. Mkono ulikuwa mzito, lakini nikaiweka. Akabaki na 15. Akauma mdomo, akahesabu pointi zake upya, akaendelea.

Tukiwa tumemkodolea macho yeye tu, baba yao na Maleficent wake akawa ameshaweka laana kwenye maeneo yote manne. Zamu yake ilipofika, gemu limeisha.

"Mama! Baba tumemsahau!" Huyo anacheka mpaka anashika tumbo, na kadi keshaanza kuzichanganya tena, wakati ugali mimi hata maji sijabandika.