Ekseli ya nyuma: wenzo, nati au bolti?

Leo hakuna msimbo wala seva. Leo ni baiskeli. Mnaokuja hapa kwa ajili ya programu mnivumilie kidogo, mwishoni mtaona hatukwenda mbali sana.

Hali ni hii. Nina baiskeli ya milimani ya mtumba, fremu ya alumini, breki za diski mbele na nyuma. Jumamosi naiendesha mimi, msitu wa Karura, na mara moja moja Hell's Gate. Siku za wiki ni ya mdogo wangu. Anaenda nayo chuoni, anaifunga kwenye nguzo, jioni anarudi nayo. Sasa kile kifungio cha gurudumu la nyuma kimechakaa na lazima kibadilishwe. Swali ni kuweka nini. Si swali dogo, maana anayeteremka nayo barabarani katikati ya matatu ni mtoto wa mama yangu.

Kwa Kiswahili tunasema "usalama" basi. Lakini sisi wa kompyuta tumefundishwa kutenganisha mambo mawili: mfumo usimdhuru anayeutumia, na mfumo usiingiliwe na asiyeruhusiwa. Kwa ekseli ni hivyo hivyo. Swali la kwanza: gurudumu linaweza kutoka nikiwa juu yake? Swali la pili: mtu anaweza kuondoka nalo nikiwa darasani? Ukiyachanganya utanunua kitu kinachojibu moja tu.

Tuangalie kilichopo.

1. Kwiki-rilisi

Hii ndiyo ile yenye wenzo, kile kimkono cha kukunja. Ekseli yenyewe ni bomba lenye unene wa mm 10, na ndani yake unapita mshikaki wa chuma wa mm 5. (Ndiyo, hata Waingereza wanauita mshikaki. Usiutafute na kachumbari.) Ukikunja wenzo, unavuta mshikaki na kubana midomo ya fremu pande zote mbili. Sifa zake huenda kwa Mtaliano Tullio Campagnolo, mwendesha baiskeli wa mashindano aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1933. Yaani ni kifaa kilichoanzia kwa mtu anayetaka kubadilisha gurudumu haraka wakati wenzake wanampita.

Fundi wangu alilisema hilo kwa ufupi zaidi: "Boss, hii ni ya mashindano. Wewe unashindana na nani?"

Ikifungwa vizuri, inashika. Tatizo liko kwenye hilo neno "vizuri". Watu wengi huzungusha wenzo kama nati ya masikio mpaka ukakaza, wakadhani wamemaliza. Sivyo. Wenzo haukazi kwa kuzungushwa, unakaza kwa kukunjwa. Unatakiwa uanze kukataa ukiwa umesimama wima kutoka kwenye gurudumu, halafu uusukume kwa kiganja mpaka ukuachie alama.

Kuna pia aina mbili. Zile ambazo kamu yake, yaani kile kipande kinachovuta mshikaki, imefichwa ndani ya chuma, hubana kwa nguvu zaidi na vumbi haliifikii. Zile ambazo kamu iko nje, imekalia kipande cha plastiki, ni nyepesi na zinapendeza macho, lakini zinabana kidogo na huchafuka haraka. Kwa breki za diski na vumbi letu, chagua ya kwanza bila kufikiri mara mbili.

Mwaka 2015 kampuni ya Trek iliita baiskeli karibu milioni moja za Marekani na Kanada zirekebishwe. Wenzo wa gurudumu la mbele uliweza kufunguka kupita nyuzi 180, na ukiachwa wazi ungenasa kwenye diski. Baadaye mwaka huo kampuni nyingine kadhaa zikafanya vivyo hivyo. Hakuna chuma kilichovunjika hapo. Kifaa kilimwachia mtumiaji nafasi ya kukosea.

2. Ekseli nzima na nati

Hii kila Mkenya anaijua. Black Mamba zinazobeba maziwa, makaa na abiria zinatumia hii. Ekseli ni chuma kitupu kisicho na tundu, na nati mbili kubwa zinazofungwa kwa spana, mara nyingi namba 15. Kila fundi wa kando ya barabara anayo spana hiyo. Inashika kabisa.

Ubaya wake: uzito, na ukipata pancha ndani ya Karura bila spana utasukuma. Halafu kwa swali letu la pili, mwizi naye ana spana. Kwa habu yangu ingebidi pia kubadilisha ekseli yote na kupanga gololi upya. Inawezekana, ila ni kazi ya mchana mzima.

3. Mshikaki wa bolti

Ni ule ule mshikaki wa mm 5, ila badala ya wenzo kuna kichwa cha bolti kinachofungwa kwa ufunguo wa aleni wa mm 5. Unaingia kwenye habu ile ile bila kubadilisha kitu. Hauna wenzo wa kunasa kwenye kichaka wala kwenye diski. Huwezi kuufungua kwa vidole. Kuna wa aina ya pekee pia, wenye kichwa kinachotaka ufunguo wake wenyewe, kama vile wa Pitlock na Pinhead. Huo unajibu swali la wizi vizuri zaidi, lakini ukipoteza ufunguo, wewe ndiye uliyefungiwa nje. (Wa kompyuta mnanielewa!)

4. Ekseli ya kupenya

Hapa fremu haina midomo iliyo wazi chini. Ina matundu ya duara, na ekseli nene ya mm 12 inapita upande mmoja, kwenye habu, na kujifunga kwa hesi upande wa pili. Uzuri wake ni huu: hata ikilegea kidogo, gurudumu haliwezi kudondoka, kwa sababu limezungukwa na chuma pande zote. Mpaka ekseli yote itoke.

Kwenye midomo iliyo wazi mambo ni tofauti. Kinacholishika gurudumu ni ule mbano. Uzito wako unasaidia ukiwa umekaa, lakini gurudumu likiinuka kwenye jiwe uzito haupo. Na kama kalipa ya breki iko nyuma ya ekseli, juu kidogo, kama yangu, ukifunga breki pedi zinaisukuma diski kuelekea chini, yaani upande ule ule ulio wazi. Nguvu hiyo nyuma ni ndogo kuliko mbele, lakini ipo.

Kwa swali la kwanza, basi, namba nne ndiyo mshindi. Hakuna ubishi.

Lakini fremu yangu haiikubali. Na hili ndilo ningependa mlijue kabla ya kutoa pesa: ekseli huichagui wewe, inachaguliwa na fremu. Chukua rula upime nafasi kati ya midomo ya nyuma. Yangu ni mm 135, kipimo cha zamani cha baiskeli za milimani za kwiki-rilisi. Za kupenya zilikuja na mm 142, kisha mm 148, ambayo huitwa Boost na ilianza kuuzwa mwaka 2014.

Ile 142 inafurahisha. Habu ni kama ile ile ya 135, imeongezwa mm 3.5 kila upande ili ikae kwenye vishimo vya fremu. Gia na diski ziko pale pale. Ndiyo maana habu nyingi zinahama kutoka moja kwenda nyingine kwa kubadilisha vifuniko vya pembeni tu. Waliobuni walijali waliotangulia. Ile 148 ilisogeza gia na diski nje kwa mm 3 kila upande, na habu ya zamani haiingii hivi hivi.

Usisahau hesi. Ekseli mbili zinaweza kuwa mm 12 zote na urefu mmoja, na bado moja ikakataa kuingia. Kuna hesi ya mm 1.0, ya 1.5 na ya 1.75. Ukilazimisha, unaharibu fremu. Kwa hiyo dukani uliza vitu vinne: unene, upana wa habu, urefu wa ekseli yenyewe, na hesi.

Nikarudi kwa mdogo wangu. Nilimpa kwiki-rilisi mpya, ya kamu ya ndani, aifunge huku natazama. Akaizungusha kama nati. Nikamwonyesha, akaweza. Nikamwuliza, "Na rafiki yako akiiazima?" Akacheka. "Bro, hao hawajui hata breki ya nyuma ni ipi."

Hapo jibu likapatikana. Mimi naweza kufunga kwiki-rilisi sawasawa kila siku, lakini baiskeli hii haina mtumiaji mmoja. Bolti kila mtu anaielewa: kulia inakaza, kushoto inalegea, na ikilegea utaisikia kwa ufunguo. Nimechagua mshikaki wa bolti wa chuma, nyuma na mbele. Ufunguo mmoja uko kwenye mfuko chini ya kiti, mwingine nyumbani. Kwa wizi sidanganyiki: aleni ya mm 5 inauzwa kila mahali. Bolti inamzuia mwenye haraka tu. Kwa hiyo mnyororo wa kufuli unapita kwenye gurudumu la nyuma na fremu pamoja, kila siku, bila kujali ekseli.

Siku nikibadilisha fremu, nitatafuta ya kupenya, mm 12 kwa 148, isiyo na wenzo. Kwa sasa hii inatosha, na sharti ni moja: kila Jumatatu asubuhi, kabla hajatoka, mdogo wangu anainua baiskeli, anatikisa gurudumu kushoto na kulia, anaweka ufunguo na kujaribu kukaza. Sekunde kumi.

Kama baiskeli yako inaendeshwa na zaidi ya mtu mmoja, usiulize ekseli ipi ni bora. Uliza ipi inafungwa sawasawa na yule asiyejua kabisa kati yenu.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye msimbo.