Swali Lililoileta Hadhira Ukumbini

Mafunzo ya kuzungumza hadharani yana soko kubwa huku ughaibuni, na sisi tuliotoka Kabras, magharibi mwa Kenya, tukaja Ulaya na Marekani kufanya kazi za uuguzi, uhandisi na ualimu wa vyuo vikuu tunayalipia kama wengine. Tunafundishwa tuanze na kichekesho, tuwatazame watu machoni, tusisome kila kilichoandikwa kwenye slaidi. Si ushauri mbaya, ingawa hilo la macho huwa gumu kwa mtu aliyelelewa kuinamisha uso mbele ya wakwe. Ila ushauri wote huo unamhusu msemaji: sauti yake, mikono yake, hofu yake. Naamini hadhira ya kongamano la kitaaluma hushikwa na mtu aliyejua, kabla hajapewa kipaza sauti, ni swali gani lililowatoa wale watu makwao. Nyumbani tunalizingatia hilo kwa mazoea. Tukifika ugenini tunaliacha, tukidhani ni ushamba.

Chukua mkutano wa wakulima wa miwa kati ya Malava na Butali. Afisa aliyekuja kueleza mbegu mpya anajua kwamba waliokaa mbele yake wanataka kwanza kusikia bei ya tani, makato ya usafiri, na lini pesa za miwa iliyokwisha kuvunwa zitaingia. Akirukia mbegu moja kwa moja, minong'ono itaanza nyuma, na mama fulani atainua mkono na kukataa kuushusha mpaka aulizwe ana neno gani. Kwa hiyo afisa mwenye busara husalimu “Mulembe”, huitikiwa, kisha huanza na malipo hata kama hana habari njema. Akishayamaliza hayo, mbegu yake husikilizwa. Mtu anaweza kudhani siri ni kule kuitikiana. Sivyo. Majirani zetu Watachoni na Wabukusu wana kumuse, hotuba ndefu inayotolewa baada ya maziko ya mzee wa heshima, na humo wasikilizaji huketi kimya, wala hakuna wa kumkatiza mnenaji. Bado wanashikika, kwa sababu anazijua koo zilizoketi pale, historia yao na wanayopaswa kuonywa. Ukimya ule una mshiko kuliko makofi mengi ya kumbi za hoteli.

Mazoea haya yanaweza kuvuka mipaka bila kupoteza nguvu, na ushahidi upo. Wangari Maathai, Mkenya aliyeongoza kampeni ya kupanda miti, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mjini Oslo mnamo Desemba 2004, wengi walikuwa wakiuliza miti inahusiana vipi na amani. Hakujifanya hakulisikia swali hilo. Alieleza uhusiano uliopo kati ya mazingira, demokrasia na amani, kisha akamalizia na kijito alichochota maji utotoni: alivyojaribu kuokota mayai ya chura akidhani ni shanga, viluwiluwi alivyoviona, na kijito chenyewe kilivyokauka baadaye, wanawake wakabaki kutembea mbali kutafuta maji. Habari ya Nyeri, nyumbani kwao, lakini kila aliyekuwa ukumbini alielewa kwa nini mti umepewa tuzo ya amani. Andrew Mwenda, mwandishi wa habari wa Uganda, alitumia njia kali zaidi kwenye mkutano wa TED uliofanyika Arusha mwaka 2007. Alijua kwamba miongoni mwa wasikilizaji wapo watetezi wakubwa wa misaada, naye akawauliza ni taifa gani limewahi kutajirika kwa kunyoosha mkono. Bono, mwanamuziki wa Ireland, akampinga papo hapo kutoka kwenye kiti chake. Wapo walioona ule ni utovu wa nidhamu. Kwangu mimi ni dalili kwamba hoja ilimfikia aliyekusudiwa.

Nitaambiwa kwamba mkulima wa Butali anajulikana, ilhali ukumbi wa Toronto una watu mia tatu wasiojuana. Kweli hatutajua koo zao. Lakini kongamano lina ratiba, lina mada, na wanaohudhuria hufanya kazi moja au zinazokaribiana. Muuguzi anayekwenda kuzungumza na wauguzi wenzake anaweza kuwaandikia watano kati yao mapema, awaulize ni kitu gani kinawanyima usingizi wodini. Kazi ya jioni moja hiyo, na inamfaa kuliko wiki nzima ya kupamba slaidi. Wengine watasema kikwazo chetu ni lafudhi. Sitalipuuza hilo, ubaguzi wa lafudhi upo na unaumiza, na hakuna maandalizi yatakayoufuta. Hata hivyo mtu anayesikia tatizo lake likitajwa kwa usahihi hujitahidi kumfuata msemaji hata kama baadhi ya maneno yanampita.

Na nyumbani kwenyewe tusipatukuze. Mikutano yetu ina tabia ya kuwasalimia wakubwa mmoja mmoja mpaka nusu saa inaisha, wanasiasa huteka mazishi ya watu, na vijana na akina mama hupewa nafasi wakati wengine wameshainuka kwenda. Huo nao ni upofu kwa hadhira, tena hauna hata kisingizio cha ugeni. Huku nje kosa hilo huja kwa sura nyingine: wasemaji hupitisha muda, halafu kinachokatwa ni kipindi cha maswali. Kwa maoni yangu maswali yangewekwa katikati ya kikao, Kakamega na Toronto vilevile, na anayepewa dakika 20 angesema kwa 12, ili nane zilizobaki zimwonyeshe alipokosea kuwakadiria watu wake angali jukwaani na nafasi ya kujirekebisha.