Boxer Yetu ya Charambe

Mbagala ya mwaka 2010 iliamka saa tisa usiku. Ukichelewa mpaka saa kumi na moja umeshapitwa: pale Rangi Tatu unakuta kituo kimefurika, na daladala ikiingia tu vijana wanapita madirishani kabla haijasimama. Wanawake, wazee na wenye mizigo tunabaki kusindikiza gari kwa macho. Barabara ya Kilwa ilikuwa imepanuliwa kwa msaada wa Japani, lakini lami haipunguzi watu. Charambe, Chamazi na Mbande zilikuwa zinaota nyumba kila mwezi, na karibu wote waliojenga huko riziki yao ilikuwa mjini Dar es Salaam.

Mimi riziki yangu ilikuwa soko la samaki la Feri. Nilikuwa nauza samaki wa kukaanga, na samaki wa bei nzuri unawapata alfajiri, mashua zikiingia, kabla wachuuzi wa masoko mengine hawajawazoa. Kwenda kulikuwa na taabu yake. Taabu kubwa zaidi ilikuwa kurudi na ndoo. "Mama, samaki hawapandi humu," konda anakwambia, mkono kaukingia mlango. Akikubali, ndoo inalipiwa siti kama mtu mzima, na maji ya barafu yakimdondokea abiria viatuni, ni maneno mpaka Zakhem. Mara nyingi nilifika nyumbani jua limeshapanda na macho ya samaki yameanza kufanya ukungu. Mteja wa Charambe anajua kuangalia macho ya samaki.

Mume wangu alikuwa karani wa ghala Kurasini, naye alikuwa na mateso yake ya kurudi saa tatu usiku watoto wamelala. Jioni moja akaniambia, "Mama watoto, tununue pikipiki." Nilikuwa karibu kupokea mchezo wa upatu. Tulikuwa wanawake wa mtaa mmoja, kijumbe wetu muuza vitenge, mwaminifu kuliko benki nyingi ninazozijua. Mume wangu alikuwa na akiba yake kwenye SACCOS ya kazini. Tukiunganisha, hela ilikuwa inatosha, ila kwa pikipiki ipi?

Hapo kila mtu akawa mtaalamu. Baba mkwe wangu, aliyezeekea Lindi, alikuwa na jibu moja. Zamani, alisema, pikipiki ilikuwa chombo cha bwana shamba, bwana afya na padri, na ilikuwa Honda. "Tafuteni Honda hata kama imetumika, mwanangu. Mjapani hadanganyi." Shemeji yangu yeye alitaka tuchukue ya Kichina iliyo mpya, ndani ya boksi, tukafungiwe Kariakoo huku tunaona. Ilikuwa nafuu kwa laki kadhaa, na wakati ule zilikuwa zimejaa kila kona, kwa sababu bodaboda ndiyo kwanza ilikuwa imekubaliwa kisheria na vijana walikuwa wanazichukua kwa mikataba.

Tukaenda kwa fundi, mzee mmoja aliyefungua gereji yake chini ya mkungu karibu na Rangi Tatu. Nilimwamkia, akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Alikuwa anaosha kabureta kwa petroli ndani ya kopo la rangi. Mume wangu akamuuliza ipi nzuri. "Mwanangu, hilo swali la wauzaji," akasema. "Wewe niulize ipi ikikatika waya wa klachi saa mbili usiku, napata mwingine hapa hapa bila kupanda gari kwenda Kariakoo."

Akatufundisha mambo ambayo nimeyakumbuka miaka yote. Zile za Kichina nyingi injini yake inafuata mtindo wa Honda CG 125, iliyotoka mwaka 1976. Honda waliibuni kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki inapigwa kazi na kutunzwa kidogo: vali zake zinasukumwa na fito za chuma badala ya cheni ya ndani, kwa hiyo hata fundi wa chini ya mti anaifungua na kuifunga. Ndiyo maana spea zake zinaingiliana. Honda halisi iliyotumika, alisema, injini itakuwa nzuri, lakini taa, tenki na plastiki zake utazitafuta kwa tochi. Boxer ya Bajaj, hao hao Wahindi wa bajaji za matairi matatu, ilikuwa ghali kuliko ya Kichina, ila inakunywa mafuta kidogo, na siku ukitaka kuiuza, mnunuzi anakuwa anakusubiri mlangoni.

Mimi nilikuwa na vigezo vyangu, na wanaume wale hawakuwa wamevitaja. Nilikaa nyuma ya kila pikipiki dukani Kariakoo, nimevaa suruali chini ya dera, nikapima kama siti ina nafasi ya watu wawili na keria ya kubeba ndoo ya lita ishirini bila kunisukuma mgongo. Nikainama kuangalia cheni. Mchanga wa Charambe wa siku zile ulikuwa unamfika mtu kwenye vifundo vya miguu, na mimi ningeongeza maji ya samaki yenye chumvi. Boxer 100 tuliyoiona cheni yake ilikuwa imefunikwa yote. Nikamwambia mume wangu, hii. Muuzaji akaanza kumweleza yeye rangi zilizopo.

Jambo la pili nililosimamia ni kadi. Nusu ya hela ilikuwa ya mchezo wangu, na nilikuwa nimeona wajane wawili mtaani kwetu wakinyang'anywa vyombo na ndugu wa marehemu kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye karatasi. Sikulisema kwa ukali. Nilisema tukiwa tunakula. Mume wangu akanyamaza, akamaliza ugali wake, akasema, "Liandikwe lako." Kwa hiyo kadi ya TRA ikatoka na jina langu, namba ya njano, na trafiki wa Barabara ya Kilwa kila akimsimamisha alimuuliza huyu mwanamke ni nani.

Jambo la tatu ni kofia ngumu mbili. Abiria wa Mbagala wakati ule alikuwa anapanda kichwa wazi, na jirani yetu aliyekuwa akifanya usafi Muhimbili alitusimulia vijana waliokuwa wanaletwa taasisi ya mifupa ya MOI miguu imevunjika, wengine hawajitambui. Nilizivaa zote mbili dukani kabla ya kulipa. Naamini mpaka leo kwamba anayenunua pikipiki ya familia na kofia moja amenunua nusu.

Basi tukawa tunaondoka saa kumi na nusu alfajiri. Zakhem, Mtongani, Kwa Aziz Ali, Bendera Tatu, upepo wa bahari unakupiga kifuani, na Feri unafika giza bado. Ndoo tulikuwa tunaifunga kwa mipira ya tyubu kuukuu, tunaivuta mpaka inalia. Ananirudisha, anabadili shati, anageuza kwenda kazini. Mchana namwagia keria na rimu maji baridi, maana chumvi haina urafiki na chuma. Jioni saa kumi na mbili nasikia mlio wake kona ya msikiti, na mtoto wetu mdogo aliujua kuliko mimi. Alikuwa anaacha mchezo anakimbilia kupandishwa kwenye tenki kwa zile hatua za mwisho.

Kisha ikaja Agosti 2011. Ewura, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, ikaishusha, wafanyabiashara wakagoma kuuza, vituo vikafunga pampu. Mfungo wa Ramadhani ndio ulikuwa umeanza, msimu wangu mkubwa, kila nyumba inataka samaki wa futari. Foleni za vidumu zikazunguka vituo vya Mtoni, na vichochoroni petroli ikauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa kwa bei ya kukutoa machozi. Mume wangu akageuza koki kwenye rizevu. Ilipokwisha nayo, nikamwona anailaza pikipiki ubavu, taratibu kama mgonjwa, anaihesabia moja mpaka kumi, anaiinua. Akanionyesha: tenki limepanda juu ya chuma cha fremu, kwa hiyo yapo mafuta yanayobaki upande usio na koki, na ukiilaza yanavuka. Akapiga kiki ikawaka. Tulikwenda Feri na kurudi kwa mafuta hayo na nusu chupa ya jirani, na jirani huyo kwa siku zote zilizobaki za mgomo hakununua samaki kwangu. Alikuwa anapelekewa.

Ndugu walitushauri tuitie bodaboda jioni, ilete hesabu. Nilikataa. Hela ingeingia, lakini saa kumi na mbili ile kona ya msikiti ingekuwa ya abiria.

Tuliiuza mwaka 2014, tulipopata friji kubwa na mtu wa kutuletea samaki kwa jumla. Injini ilikuwa imeanza kula oili kidogo, na tulisema hivyo wazi. Mnunuzi alikuwa kijana wa kijiwe cha Rangi Tatu. Tulikutana ofisi ya serikali ya mtaa kuandikishana. Akatoa hela, akamnyooshea mume wangu. Mume wangu akarudisha mikono nyuma.

"Mwenye pikipiki ndiye huyu, mpe mwenyewe."

Kijana akageuka, akaniamkia upya. Nikahesabu, nikasaini, mwenyekiti akagonga muhuri. Nikampa kadi na kofia zote mbili. Akasema moja inamtosha.

"Na abiria wako?" nikamuuliza.

Akazichukua zote.